Mbawakawa wa Majani Makavu: Jinsi Spishi Mpya Inavyothibitishwa na Kupewa Jina

Mtu akisoma kwamba wanasayansi wamegundua spishi mpya ya mbawakawa msituni, picha inayomjia ni ya mtafiti aliyeinama, akainua jani lililooza na kukutana uso kwa uso na mdudu ambaye hakuna aliyewahi kumwona. Mara chache sana mambo huwa hivyo. Kwa kawaida aliyemkusanya mdudu huyo hakumwona kabisa: alijaza mfuko wa majani, akayachekecha, na mdudu akaishia ndani ya chupa ya alkoholi pamoja na mamia ya viumbe wengine, wengi wao wakiwa wadogo kuliko punje ya ufuta. Ugunduzi wenyewe hutokea baadaye, mezani, chini ya hadubini, na hutokea polepole, kwa sababu kinachohitajika ni kuthibitisha kwamba katika miaka yote tangu viumbe waanze kupewa majina kwa utaratibu, hakuna aliyemtangulia mtafiti huyo kumpa mdudu yuleyule jina.

Hapo ndipo penye uzito wa neno “mpya”. Mbawakawa mwenyewe si mpya hata kidogo. Ukoo wake huenda umeishi katika msitu ule kwa mamilioni ya miaka, na watu wanaoishi karibu na msitu huenda wamemkanyaga kila siku. Kilicho kipya ni jina na maelezo yanayomtenga na jamaa zake. Na kati ya siku ya kukusanywa na siku ya kupewa jina muda mrefu hupita: utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba, kwa wastani, spishi mpya husubiri takriban miaka 21 katika mikusanyo ya makumbusho kabla ya kuelezwa rasmi. Wako waliosubiri zaidi. Mwaka 1832 Charles Darwin, akiwa Argentina katika safari yake ya meli ya Beagle, alikusanya mbawakawa mmoja wa familia ya Staphylinidae; mdudu huyo alikuja kuelezwa mwaka 2014, na Stylianos Chatzimanolis akamwita Darwinilus sedarisi. Alikuwa amekaa miaka 182 bila jina, na alipolipata alionekana kuwa tofauti na jamaa zake kiasi cha kuundiwa jenasi yake mwenyewe, yaani kundi la juu ya spishi linalokusanya spishi za udugu wa karibu.

Inafaa kueleza kwanza kwa nini majani yaliyoanguka yana utajiri huu. Sakafu ya msitu wa kitropiki hupokea majani mwaka mzima, na majani hayo hayalali tu: juu yapo yaliyo makavu na mazima, chini yake yapo yaliyolainika na kushikana kwa nyuzi nyeupe za kuvu, na chini zaidi yapo yaliyokwisha kuwa mboji nyeusi isiyotambulika kuwa ilikuwa jani. Kila tabaka lina unyevu wake na wakazi wake. Kuvu hula majani, utitiri na vijidudu virukavyo kwa kufyatua mkia hula kuvu, na mbawakawa wadogo huwawinda hao au hula kuvu hizohizo. Umbo la mbawakawa linafaa sana kwa maisha ya kujipenyeza, kwa maana mabawa yake mawili ya mbele yamegeuka kuwa ngao ngumu zinazofunika mwili, naye anaweza kusukumana na vipande vya majani na chembe za udongo bila kuumia.

Wengi wa hawa wamepoteza kabisa mabawa ya kurukia, yale laini yanayokunjwa chini ya ngao. Jambo hilo, ambalo laweza kuonekana dogo, ndilo linaloeleza mengi ya yanayofuata. Mdudu asiyeruka havuki bonde lenye joto au nyasi kavu ili kufika msitu wa mlima wa pili. Kwa hiyo kila mlima hugeuka kuwa kama kisiwa, na jamii zilizotengana kwa muda mrefu huachana kidogo kidogo hadi kuwa spishi tofauti, kila moja ikiwa na eneo ambalo mtu anaweza kulimaliza kwa miguu katika siku moja. Mfano ulio wazi kabisa ni fukusi wa jenasi Trigonopterus, ambao nao ni mbawakawa, wasioruka, wanaoishi katika misitu kuanzia Indonesia hadi Guinea Mpya. Mwaka 2013 Alexander Riedel na wenzake walieleza kwa pamoja spishi 101 mpya za jenasi hiyo kutoka Guinea Mpya. Mwaka 2019 zikafuata nyingine 103 kutoka kisiwa cha Sulawesi, mahali ambapo hapo awali ilikuwa imeelezwa spishi moja tu ya jenasi hiyo, tangu mwaka 1885.

Mbawakawa waliokwisha kupewa majina duniani ni takriban spishi 400,000, yaani karibu robo ya wanyama wote wanaojulikana. Familia ya Staphylinidae peke yake, ambayo wengi wa wanachama wake huishi katika majani yanayooza, ina zaidi ya spishi 60,000. Makadirio yaliyotolewa mwaka 2015 yaliweka idadi ya spishi zote za mbawakawa, zinazojulikana na zisizojulikana, katika wastani wa milioni 1.5. Ikiwa makadirio hayo yako karibu na ukweli, basi hata robo tatu ya mbawakawa hawana jina bado.

Kuwapata si kazi ngumu, mradi mtu awe na subira. Mtafiti hukusanya majani pamoja na tabaka la juu la udongo, mara nyingi kutoka katika mraba wa mita moja, akayatia katika mfuko wenye chekeche na kuyatikisa kwa nguvu. Majani makubwa na vijiti hubaki juu, na vumbi lenye wadudu huanguka chini. Vumbi hilo hutiwa katika vifuko vya wavu vinavyoning’inizwa ndani ya mfuko mkubwa wa kitambaa, uitwao mfuko wa Winkler, ambao ncha yake ya chini imefungwa kwenye chupa ya alkoholi. Kadiri vumbi linavyokauka, wadudu huhangaika wakitafuta unyevu, hutoka kwenye wavu na kuanguka chupani. Kwa siku mbili au tatu kazi huwa imekwisha, bila umeme wala mtambo wowote. Palipo na umeme hutumika faneli yenye taa juu yake. Asili yake ni kifaa alichobuni Mwitaliano Antonio Berlese mwanzoni mwa karne ya 20, ambacho baadaye Albert Tullgren wa Sweden alikiboresha kwa kutumia joto la taa.

Kabla ya hayo yote kuna karatasi. Kukusanya viumbe kunahitaji kibali cha nchi husika, na kuwasafirisha nje kunahitaji kibali kingine. Tangu mkataba wa kimataifa uitwao Itifaki ya Nagoya ulipoanza kufanya kazi mwaka 2014, nchi nyingi zilizojiunga nao zinataka makubaliano ya maandishi kuhusu matumizi ya rasilimali zao za kijenetiki na namna manufaa yatakavyogawanywa. Wapo watafiti wanaoliona jambo hili kuwa kero. Mimi naliona kuwa haki, kwa sababu kwa zaidi ya karne mbili vielelezo vya misitu ya kitropiki vilikwenda Ulaya bila kuulizwa mtu, na hadi leo mtafiti wa nchi ya kitropiki anayetaka kumtambua mdudu wa msitu wa kwao hulazimika kuomba kuazimwa kielelezo kutoka London, Paris au Berlin.

Chupa ikishafika maabara, wadudu hutengwa kwa familia, na wale wanaostahili kuangaliwa kwa karibu hubandikwa. Mbawakawa wa milimita mbili hawezi kuchomwa pini, maana pini ingempasua. Hubandikwa kwa tone dogo la gundi kwenye ncha ya kijipembe cha karatasi ngumu, na ni karatasi hiyo inayochomwa pini. Chini yake, kwenye pini ileile, huwekwa kibandiko chenye maandishi madogo kuliko haya unayosoma: nchi, jina la msitu, latitudo na longitudo, mwinuko juu ya usawa wa bahari, tarehe, njia ya kukusanya na jina la mkusanyaji. Mdudu asiye na kibandiko, hata awe mzuri namna gani, karibu hana thamani kwa sayansi, kwa kuwa hakuna atakayeweza kurudi alikotoka.

Sasa ndipo ulinganishi unaanza. Kumfikisha mdudu kwenye familia yake huchukua dakika, na kumfikisha kwenye jenasi huweza kuchukua siku. Kinachochukua miezi, na mara nyingine miaka, ni kupitia kila spishi iliyowahi kuelezwa ndani ya jenasi hiyo. Mwanzo wa majina ya wanyama umewekwa kisheria kuwa mwaka 1758, ulipochapishwa toleo la 10 la kazi ya Carl Linnaeus, Systema Naturae, na jina lolote lililochapishwa tangu hapo kwa kufuata masharti bado lina nguvu. Maelezo mengi ya karne ya 19 ni mistari miwili au mitatu ya Kilatini: mweusi, anang’aa, miguu myekundu, urefu fulani. Maneno hayo yanawafaa mbawakawa mia. Kwa hiyo kusoma hakutoshi. Lazima mtafiti amwone mdudu yuleyule ambaye mwandishi wa zamani alikuwa naye mezani alipoandika. Kielelezo hicho kimoja, kinachobeba jina, huitwa holotipu, nacho ndicho mhimili wa mfumo mzima, kwa maana maneno yanaweza kufasiriwa kwa namna nyingi, lakini mdudu aliye kwenye pini ni yuleyule kwa kila anayemtazama.

Kwa mbawakawa wa majani makavu, umbo la nje mara nyingi hudanganya. Maisha ya aina moja yamewapa mwili wa aina moja: rangi ya kahawia, macho madogo, mwili wa mviringo au uliobapa. Ndiyo maana wataalamu hutegemea sana kiungo cha uzazi cha dume, ambacho hutofautiana kati ya spishi na spishi hata pale ambapo miili yao imefanana. Mdudu hulainishwa kwa maji ya moto, ncha ya tumbo hufunguliwa kwa sindano nyembamba kama unywele, na kiungo hicho, kisichofika hata nusu milimita, hutolewa na kutiwa katika myeyusho wa haidroksidi ya potasiamu ambao huyeyusha misuli na mafuta na kuacha ganda gumu tu. Ganda hilo huoshwa, hutiwa ndani ya tone la gliserini na kugeuzwa polepole chini ya hadubini mpaka likae ubavu. Hapo hujitokeza mambo ambayo jicho lisingeyadhania: ncha iliyopinda kama ndoana, jino moja upande wa kushoto, safu ya vinyweleo vitatu mahali ambapo spishi ya jirani ina viwili. Anayefanya kazi hii hushikilia pumzi, kwa sababu pumzi moja yenye nguvu inaweza kukipeperusha kielelezo cha pekee kisionekane tena.

Tangu mwaka 2003, Paul Hebert na wenzake walipopendekeza matumizi ya msimbopau wa DNA, kimeongezeka chombo kingine. Husomwa kipande cha jeni moja ya mitokondria, chenye urefu wa takriban herufi 658, na kulinganishwa na vipande vya spishi nyingine. Manufaa yake kwa wadudu hawa ni makubwa: jike na dume wasiofanana huunganishwa, buu lisilotambulika huhusishwa na mzazi wake, na makundi mawili yaliyodhaniwa kuwa spishi moja hutengana waziwazi. Hata hivyo, kipande kimoja cha jeni hakitoi hukumu peke yake. Jamii za spishi moja zilizotengwa na mabonde zinaweza kutofautiana sana katika jeni hiyo bila kuwa spishi mbili, na spishi zilizoachana juzi zinaweza kufanana. Tena, holotipu nyingi za zamani zimekauka kwa zaidi ya karne moja, na DNA yake imevunjikavunjika. Kwa hiyo tofauti ya DNA hupewa uzito inapokwenda pamoja na tofauti ya umbo.

Ni tofauti kiasi gani basi zinatosha? Hakuna idadi iliyowekwa. Ikiwa mtafiti ana madume ishirini kutoka milima miwili, na wote wa mlima mmoja wana ncha ya ndoana huku wote wa mlima wa pili wakiwa na ncha iliyonyooka, bila hata mmoja wa katikati, hoja yake ina nguvu. Ikiwa ana mmoja tu, hana namna ya kujua kama sifa aliyoiona ni ya spishi nzima au ni ya mdudu huyo peke yake. Wapo wanaokataa kabisa kueleza spishi kwa kielelezo kimoja. Wapo wanaosema kwamba katika misitu inayokatwa kusubiri cha pili ni sawa na kutokieleza kamwe. Nadhani pande zote mbili zinasahau jambo moja, kwamba jina la spishi ni dai linalotolewa ili lijaribiwe. Mtafiti anasema: nadai kwamba wadudu hawa ni ukoo unaojitegemea, na hizi hapa sababu zangu. Anayekuja baadaye akiwa na vielelezo vingi zaidi ana haki ya kulivunja dai hilo, na akilivunja, jina jipya huwekwa chini ya lile la zamani kama kisawe chake.

Dai hilo huandikwa kwa utaratibu unaojulikana. Kuna sehemu ya utambuzi, ambayo ni fupi na hutaja tu kinachomtofautisha mdudu na jamaa zake wa karibu. Na kuna maelezo kamili, ambayo humpitia kutoka kichwani hadi ncha ya tumbo. Lugha yake ni kavu, lakini ina uangalifu ambao mimi huuheshimu sana: vipapasio vina pingili 11, ya tatu ndefu mara mbili ya upana wake, ngao ya kidari ina vitundu vidogo vilivyoachana kwa upana wa kitundu kimoja, mabawa magumu yameungana katikati, bila mabawa ya kurukia chini yake. Kila neno pale liliandikwa baada ya kupima. Sehemu ya utambuzi ina nguvu ya kisheria pia, kwani jina lililochapishwa baada ya mwaka 1930 bila maneno yanayotaja sifa za kutofautisha, au bila rejeleo la mahali zilipotajwa, halikubaliki. Tangu mwaka 2000, toleo la nne la Kanuni ya Kimataifa ya Majina ya Wanyama lilipoanza kutumika, mwandishi analazimika pia kutaja waziwazi kielelezo kinachobeba jina na mkusanyo kitakamohifadhiwa.

Jina lenyewe lina sehemu mbili, la jenasi na la spishi, na linaweza kutoka katika lugha yoyote, kikiwemo Kiswahili, mradi liandikwe kwa herufi za Kilatini. Likiwa ni kivumishi cha Kilatini, lazima likubaliane na jinsia ya kisarufi ya jenasi: “mdogo sana” ni minutus, minuta au minutum, na mdudu akihamishiwa jenasi ya jinsia nyingine, mwisho wa jina hubadilika. Likitokana na jina la mtu, kwa kawaida mwanamume huchukua -i na mwanamke -ae. Riedel na wenzake, walipokabiliwa na spishi 101 kwa mpigo, walichukua majina mengi ya koo kutoka katika kitabu cha simu cha Papua, uamuzi ninaouona kuwa wa busara, kwa sababu uliwapa wenyeji wa eneo hilo nafasi katika majina ya wadudu wa misitu yao.

Jina halihesabiki mpaka lichapishwe. Kibandiko chenye jina, mhadhara au barua havitoshi. Machapisho ya kielektroniki yalianza kukubaliwa kwa yale yaliyotolewa kuanzia mwaka 2012, kwa sharti kwamba kazi iwe imesajiliwa katika ZooBank, daftari rasmi la mtandaoni la majina ya wanyama, na usajili huo utajwe ndani ya kazi yenyewe. Watu wawili wakimpa mdudu mmoja majina mawili, kwa kawaida lililotangulia kuchapishwa ndilo linaloshinda, hata likiwa limetangulia kwa siku moja. Baada ya hapo jina la mwandishi na mwaka huambatana na jina la spishi, na mabano yana maana yake: Oryctes rhinoceros (Linnaeus, 1758), mbawakawa mwenye pembe anayeshambulia minazi, ameandikwa hivyo kwa sababu Linnaeus alimweka katika jenasi nyingine, Scarabaeus.

Holotipu hupewa kibandiko chekundu na kuwekwa makumbushoni, ambako huhesabiwa kuwa amana ya sayansi nzima. Amana hiyo inaweza kupotea. Usiku wa tarehe 2 Septemba 2018 moto uliteketeza Makumbusho ya Taifa ya Brazil mjini Rio de Janeiro, na sehemu kubwa ya mkusanyo wake wa wadudu, wakiwemo waliobeba majina ya spishi zao, ikaungua. Kanuni inaruhusu kuteua kielelezo kingine badala ya kilichopotea pale utambulisho wa spishi unapohitaji hivyo, lakini kielelezo hicho hutakiwa kitoke karibu iwezekanavyo na mahali pa awali, na kwa mdudu wa kilima kimoja hilo linawezekana tu ikiwa msitu wa kilima hicho bado upo.

Katika maelezo ya mbawakawa wa majani makavu kuna sentensi inayojirudia mara nyingi, na msomaji asiyezoea huipita haraka: “Jike hajulikani.” Haina maana kwamba jike hayupo. Ina maana kwamba kati ya majani yote yaliyochekechwa, yeye hakuanguka chupani, au alianguka lakini hana kiungo kile cha dume cha kumtambulisha, na sasa yumo ndani ya alkoholi pamoja na majike ya spishi nyingine tatu anaofanana nao. Anayetaka kuikamilisha sentensi hiyo husoma kibandiko kilichoko kwenye pini, hunakili latitudo, longitudo na mwinuko, huomba kibali, na kurudi pale pale na chekeche.